Kuchagua mifuko ya chujio kiwandani: mwongozo kamili kwa wanaochuja vimiminika

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ninunue mfuko wa mikroni ngapi?" Na karibu kila anayeanza na swali hilo hurudi baada ya wiki chache na moja ya malalamiko matatu. Mfuko unajaa ndani ya saa moja. Mfuko umepasuka. Au mfuko haujai kabisa, na uchafu unaendelea kupita kama vile hakuna chujio.

Mikroni, yaani kipimo cha udogo wa chembe ambazo mfuko hunasa, ni namba muhimu, lakini katika foleni ya maamuzi ni ya tano. Mbele yake wamesimama kimiminika chenyewe, uchafu wake, aina ya nyuzi na muundo wa kitambaa. Ukikosea huko mbele, hata mfuko wa mikroni 1 hautakuokoa.

Mwongozo huu unahusu mifuko ya kuchuja vimiminika: maji, mafuta, rangi, sharubati, kemikali. Mifuko ya kunasa vumbi la hewani ina hesabu nyingine kabisa, kwa hiyo usichukue namba za hapa ukazipeleka huko.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kwanza

- Karatasi ya usalama ya kemikali (SDS) ya kila kimiminika kinachopita kwenye bomba hilo, pamoja na sabuni na dawa za kusafishia
- Kipimajoto, na kipimo cha mtiririko au angalau tangi lenye alama na saa ya mkononi
- Geji mbili za presha, moja kabla ya hausingi na moja baada yake
- Chupa safi za lita 1 za kuchukulia sampuli
- Vipande vya wavu au karatasi za chujio za ukubwa tofauti wa matundu, na mizani inayopima hadi miligramu
- Rula ndefu, tochi, glavu na miwani ya kinga
- Kitabu cha hausingi, au picha ya kibandiko chake cha chuma
- Mfuko mmoja uliotumika, kama mfumo tayari unafanya kazi. Usiutupe, una mengi ya kusema

Hausingi hapa ni kile chombo cha chuma au plastiki ambamo mfuko hukaa, ukiwa umeegemea kikapu chenye matundu.

Kama huna geji mbili, simama hapa uzitafute. Bila hizo hutajua mfuko umejaa, umepasuka, au umekaa upande.

## Hatua ya 1: Andika wasifu wa kimiminika

Chukua karatasi moja uandike: kimiminika ni nini, kina viambato gani, kina asidi au alikali kiasi gani, kinapita kwa joto gani, mtiririko ni mita za ujazo ngapi kwa saa, na presha ya pampu ni ngapi.

Joto liandike mara mbili: la kawaida, na la juu kabisa ambalo bomba huwahi kufikia. Mfuko hufa kwa lile la juu.

Mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka, uupime katika joto la kazi. Mafuta yaliyo mazito asubuhi huwa mepesi mchana mashine ikishapata moto, na mfuko unaoonekana kushindwa saa moja ya kwanza huenda hauna kosa lolote.

Onyo: usisahau maji ya kuoshea. Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu anachagua mfuko wa poliesta kwa sharubati, chaguo zuri tu. Halafu usiku bomba linasafishwa kwa magadi makali ya moto (sodiamu hidroksidi) mfuko ukiwa ndani. Nyuzi za poliesta huliwa na alikali kali, hasa ya moto. Asubuhi mfuko unaonekana mzima, lakini ukiuvuta kwa mikono miwili unachanika kama karatasi iliyolowa.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi ambayo fundi asiyewahi kukanyaga kiwandani kwako anaweza kuisoma akaelewa kinachopita humo.

## Hatua ya 2: Ujue uchafu wenyewe

Chukua sampuli kutoka kwenye bomba wakati mfumo unafanya kazi. Fungua koki, acha kimiminika kimwagike kidogo kwenye ndoo ili kisukume uchafu uliotuama kwenye koki, ndipo ujaze chupa. Sampuli ya chini ya tangi hudanganya kwa kuzidisha, ya juu hudanganya kwa kupunguza.

Pitisha lita 1 kwenye karatasi ya chujio uliyoipima uzito ikiwa kavu. Ikaushe tena na uipime. Kwa maji, kukausha hufanywa kwenye oveni ya nyuzi joto kama 105. Kwa kimiminika kinachoshika moto, usitie karatasi hiyo kwenye oveni kamwe. Iachie hewani penye mzunguko mzuri, mbali na cheche.

Namba hiyo ya miligramu kwa lita itakupa mzigo wa uchafu. Tuseme umepata miligramu 20 kwa lita, na mtiririko ni mita za ujazo 10 kwa saa. Hizo ni gramu 200 za uchafu kila saa, karibu kilo 5 kwa siku nzima. Ukiiona hesabu hiyo, utaelewa kwa nini mfuko mmoja mdogo hauwezi kudumu wiki.

Kisha angalia tabia ya uchafu. Usugue kati ya vidole ukiwa na glavu. Mchanga na kutu ni vigumu, hukaa juu ya kitambaa na kuacha njia kati ya chembe. Jeli, utelezi wa vijidudu na mabonge ya rangi iliyoanza kuganda ni laini; presha ikipanda hubonyea, hurefuka na kupenya kwenye tundu dogo kuliko hayo mabonge yenyewe. Uchafu laini hauzuiliwi kwa kupunguza mikroni tu, unazuiliwa kwa kupunguza presha na kuongeza eneo la kitambaa.

## Hatua ya 3: Chagua nyuzi

Sasa rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1. Nyuzi zinazotumika sana ni hizi.

Polipropilini. Huvumilia asidi na alikali nyingi, na hufaa kwa maji. Kikomo chake ni nyuzi joto 90 hivi. Hulegea na kuvimba kwenye viyeyushi kama toluini na zailini, na huharibiwa na vioksidishaji vikali kama asidi ya naitriki iliyokolea.

Poliesta. Hufika karibu nyuzi 135. Ni nzuri kwa mafuta, petroli, viyeyushi vingi na asidi hafifu. Adui zake ni alikali kali, na pia maji ya moto sana na mvuke, ambavyo huvunja nyuzi taratibu.

Nailoni. Joto lake ni kama la poliesta. Huvumilia alikali na viyeyushi vingi, lakini asidi kali huiharibu.

Aramidi. Kwa joto la hadi nyuzi 200 hivi, pale poliesta inapochoka.

PTFE (ile inayojulikana kama Tefloni). Huvumilia karibu kemikali zote hadi nyuzi 260. Ni ghali mno ukilinganisha na nyingine, kwa hiyo ichague pale tu ambapo nyingine zimeshindwa kwa sababu unayoweza kuitaja.

Vikomo hivi ni vya kukuongoza. Kemikali na joto husaidiana kuharibu: nyuzi inayovumilia asidi fulani kwenye nyuzi joto 25 huenda isiivumilie kwenye 80. Kwa hiyo fanya jaribio la mtungi. Kata kipande cha mfuko, kitumbukize kwenye kimiminika chako, kwenye joto lako, kwa siku 2 au 3. Kitoe, kisuuze, kilinganishe na kipande kipya. Kama kimevimba, kimebadilika rangi, kimekuwa kigumu au kinachanika kirahisi, nyuzi hiyo haifai. Jaribio hili linahitaji mtungi na uvumilivu tu, na linaokoa shehena nzima.

Kwa chakula, vinywaji na dawa, taka pia cheti kwamba nyuzi, uzi wa kushonea na mdomo vinaruhusiwa kugusa bidhaa hiyo. Majina utakayokutana nayo zaidi kwenye vyeti ni kanuni za Marekani za 21 CFR 177 na ile ya Umoja wa Ulaya namba 1935/2004. Cheti kinachotaja nyuzi peke yake hakitoshi.

## Hatua ya 4: Felti au wavu?

Felti ni kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshikamana bila kufumwa. Hunasa uchafu ndani ya unene wake, kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa. Ukijaa unautupa, kuuosha hakurudishi kilichojikita ndani.

Wavu wa nailoni wa uzi mmoja mmoja una matundu yanayolingana. Hunasa juu ya uso tu, hauachi nyuzi kwenye bidhaa, na unaweza kuoshwa na kurudishwa kazini. Hubeba uchafu kidogo zaidi kuliko felti ya eneo lile lile.

Ushauri wangu: uchafu wa saizi nyingi mchanganyiko, chukua felti. Chembe kubwa chache unazotaka kuzizuia zote, kama ngozi za rangi au vipande vya gasketi, chukua wavu.

Felti iagize ikiwa na uso wa nje uliounguzwa kidogo kwa joto ili nyuzi zilizolegea zishikamane. Na kwa viwanda vya rangi na vanishi, taka mifuko isiyo na silikoni, kwa maandishi. Silikoni kidogo sana ikiingia kwenye rangi hufanya vishimo vidogo kwenye uso uliopakwa. Nimewahi kuona kundi zima la milango likirudiwa kupakwa, na siku 3 zikapotea kutafuta kosa kwenye bunduki ya rangi, kumbe lilikuwa kwenye mfuko mpya.

## Hatua ya 5: Sasa mikroni

Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ya mikroni 10 huioni kwa macho, kwa hiyo "maji yanaonekana safi" si kipimo.

Jiulize unalinda nini. Kama ni pua ya kunyunyizia yenye tundu la mikroni 300, usinunue mfuko wa 300. Chembe ndogo hujipanga pamoja na kuziba tundu kubwa kuliko zenyewe. Anzia theluthi moja ya tundu, yaani mikroni 100, na ushuke kama pua zinaendelea kuziba. Kama unalinda chujio chenye matundu madogo zaidi kilicho mbele, fuata kipimo anachotaka mtengenezaji wa chujio hicho.

Halafu uliza kipimo ni cha aina gani. Mifuko mingi ya felti huuzwa kwa kipimo cha makadirio: mfuko wa "mikroni 10" hunasa sehemu kubwa ya chembe za saizi hiyo, si zote, na watengenezaji hawapimi kwa njia moja. Mfuko wa 10 wa mtengenezaji mmoja si lazima uwe sawa na wa 10 wa mwingine. Mifuko ya kipimo kamili hutajwa pamoja na namba ya beta. Beta 5000 kwenye mikroni 10 maana yake, kati ya chembe 5000 za saizi hiyo au kubwa zaidi zinazoingia, 1 ndiyo inayopita. Ukihitaji uhakika, taka beta kwa maandishi.

Onyo: usishuke mikroni kwa sababu tu mfuko wa sasa unapitisha uchafu. Kwanza hakikisha uchafu unapita kwenye kitambaa, si pembeni yake (hatua ya 7). Na kama unahitaji kutoka mikroni 200 hadi 5, weka hausingi mbili, ya kwanza na mfuko wa 50, ya pili na wa 5. Mfuko mmoja wa 5 ukibebeshwa kazi yote utajaa kwa mchanga ambao wa 50 ungeumaliza.

## Hatua ya 6: Saizi na idadi ya mifuko

Saizi zilizozoeleka ni nne:

- Saizi 1: kipenyo milimita 180, urefu 430, eneo karibu mita za mraba 0.25
- Saizi 2: kipenyo 180, urefu 810, eneo karibu 0.5
- Saizi 3: kipenyo 105, urefu 230, eneo karibu 0.08
- Saizi 4: kipenyo 105, urefu 380, eneo karibu 0.16

Pima kikapu chako kwa rula hata kama kibandiko kinasema saizi. Vikapu hubadilishwa, vibandiko havibadilishwi.

Katalogi nyingi hutaja hadi mita za ujazo 40 kwa saa kwa saizi 2. Hicho ni kikomo cha maji safi kwenye mfuko mpya. Mimi hupanga nusu yake kwa maji, na chini zaidi kadiri mikroni inavyopungua na mnato unavyoongezeka.

Mnato ndio unaovuruga hesabu za wengi, kwa hiyo tuufanyie mfano. Tuseme jedwali la mtengenezaji linasema mfuko wako mpya, kwa maji na kwa mtiririko wa mita za ujazo 10 kwa saa, unapoteza presha ya bar 0.04. Kimiminika chako kina mnato mara 20 ya maji. Zidisha: 0.04 × 20 = bar 0.8. Mifuko ya felti kwa kawaida hubadilishwa tofauti ya presha kati ya zile geji mbili inapofika karibu bar 1. Maana yake mfuko mpya kabisa umeanza kazi ukiwa umebakiwa na bar 0.2 tu za maisha.

Ukigawa mtiririko huo kwa mifuko 4, kila mmoja unapata mita za ujazo 2.5 na unaanza na bar 0.2. Sasa una nafasi ya bar 0.8 ya kukusanya uchafu. Njia nyingine ni kukipasha moto kimiminika ili kiwe chepesi, kama bidhaa na nyuzi vinaruhusu.

Umefaulu ikiwa hesabu yako inaonyesha mfuko mpya ukianza na bar 0.2 au chini. Chini ya 0.1 ni bora zaidi.

## Hatua ya 7: Mdomo, mshono na oringi

Nikipewa dakika 10 tu kukagua mfumo unaopitisha uchafu, dakika 9 nazitumia hapa.

Kimiminika hutafuta njia rahisi. Kukiwa na mwanya wa nusu milimita kati ya mdomo wa mfuko na kiti chake (pale unapokalia kwenye hausingi), chembe za mikroni 500 zitapita hapo, na mfuko wa mikroni 5 utabaki msafi. Kiwanda kimoja kilishuka kutoka mifuko ya 25 hadi 5, kisha hadi 1, na bidhaa bado ilikuwa na uchafu. Tulipofungua, pete ya mdomo ilikuwa ya umbo lisilolingana na kiti cha hausingi. Tukarudi kwenye 25 yenye mdomo sahihi, na uchafu ukakoma.

Kagua haya kwa mpangilio:

1. Umbo la mdomo. Mingine ina pete ya chuma iliyoshonewa, mingine ina kola ya plastiki inayojibana. Kola ya plastiki huziba vizuri zaidi kwenye hausingi iliyoundwa kwa ajili yake. Kola ya polipropilini kwenye mfuko wa poliesta hukurudisha kwenye kikomo cha nyuzi joto 90.
2. Chuma cha pete. Pete ya chuma kilichopakwa zinki huliwa na asidi na kuacha kutu. Taka chuma kisichoshika kutu.
3. Mshono. Sindano huacha matundu. Kwa mikroni 200 hayana neno. Kwa 10 kushuka chini, chukua mifuko iliyounganishwa kwa joto.
4. Oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya kifuniko na ya kiti. Mpira wa nitrile kwa mafuta. Mpira wa EPDM kwa maji ya moto na alikali, lakini mafuta huivimbisha. Iliyokakamaa au kubonyea ibadilishe leo.
5. Kikapu. Pitisha mkono wenye glavu ndani. Ncha yoyote inayokwaruza itatoboa mfuko.

## Hatua ya 8: Jaribu mifuko 3 kabla ya kuagiza 300

Zima pampu, funga vali za pande zote mbili, toa presha hadi geji isome sifuri, kisha fungua tundu la hewa. Usilegeze kifuniko kabla ya hapo. Kimiminika cha moto au cha kemikali kilichobanwa kinaweza kumpofusha mtu.

Ingiza mfuko hadi chini ya kikapu, kwa mkono au kwa kifaa chake, bila mkunjo. Mfuko unaoning'inia bila kugusa kikapu utabeba presha yote kwenye mshono, na utapasuka. Ulowanishe kwanza kwa kimiminika chenyewe. Polipropilini yenye mikroni ndogo hukataa maji mwanzoni.

Fungua vali ya kuingilia pole pole huku ukitoa hewa. Mshindo wa pampu kuwashwa vali ikiwa wazi kabisa hupasua mifuko mipya zaidi ya kitu kingine. Kama unachuja viyeyushi vinavyoshika moto, hausingi iwe imeunganishwa ardhini kwa waya, maana msuguano kwenye nyuzi za plastiki huzalisha umeme tuli.

Sasa andika tofauti ya presha kila saa, uchore mstari. Mstari huo husema hivi:

Unabaki chini kwa muda mrefu, kisha unapanda ghafla mwishoni. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Umechagua vizuri.

Unapanda moja kwa moja tangu mwanzo. Eneo ni dogo, mikroni ni ndogo mno, au uchafu ni jeli. Kabla ya kubadilisha mikroni, jaribu kupunguza mtiririko kwa nusu. Mfuko ukidumu zaidi ya mara mbili, tatizo ni eneo: ongeza mifuko.

Haupandi kabisa. Hii humfurahisha meneja na ndiyo mbaya kuliko zote. Kimiminika kinapita pembeni, mfuko umetoboka, au mikroni ni kubwa mno. Rudi hatua ya 7.

Unapanda, kisha unaporomoka. Mfuko umepasuka, au umejinyanyua kutoka kitini. Zuia bidhaa iliyopita tangu saa hiyo.

Sindano ya geji inatetemeka. Pampu ya pistoni au ya utando inasukuma kwa vipigo, na kila kipigo huzamisha chembe ndani ya felti hadi zitokee upande wa pili. Weka chombo cha kutuliza vipigo kabla ya hausingi.

Chukua sampuli baada ya chujio mwanzoni, katikati na karibu na mwisho, uzipime kama hatua ya 2. Mifuko 3 ikitoa mstari unaofanana na sampuli zilizo ndani ya kiwango chako, agiza.

## Hatua ya 9: Kubadilisha na kutupa

Bandika kando ya geji namba ya kubadilishia, kwa kawaida bar 1 au chini kama uchafu ni laini. Usisubiri mtiririko ukome.

Kabla ya kuutoa mfuko, hakikisha kuna vali ya kuzuia kurudi nyuma baada ya hausingi. Pampu ikizimwa na kimiminika kikirudi, mfuko hugeuka ndani nje na kumwaga uchafu wote kwenye bomba.

Mfuko uliotumika ni taka ya aina ile ile na kilichokuwa ndani yake. Mifuko yenye mafuta ya kitani au rangi zinazokauka kwa hewa usiirundike kwenye pipa. Hujipasha joto yenyewe na inaweza kuwaka. Iloweshe maji na uiweke kwenye pipa la chuma lenye kifuniko.

Kila mfuko unaotoka, andika tarehe, saa ulizofanya kazi, presha ya mwisho, na ulivyoonekana ulipopasuliwa kwa mkasi: uchafu umetanda sawasawa, au umejikusanya upande mmoja. Ukiwa upande mmoja, mfuko haukukaa vizuri kwenye kikapu. Anzia hapo utakapoweka unaofuata.